Kokteli za msimu wa plamsi na pichesi: onja tunda kwanza, ndipo upime

Plamsi zinazomwagwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mwezi wa Januari hazilingani hata ndani ya sado moja. Ipo iliyoiva mpaka ngozi imekuwa karibu nyeusi na ukiibonyeza inaacha alama ya kidole, na ipo nyekundu, ngumu kidogo, ambayo ukiing'ata unafumba macho. Ndani ya glasi, tofauti ya hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya chupa moja ya pombe na nyingine. Kokteli nyingi za matunda huku Nyanda za Juu Kusini zinaharibikia hapo, kabla hata chupa haijafunguliwa: mtu ameshika vipimo alivyovipata kwenye simu, vilivyopangwa kwa matunda ya kwingine kabisa, akavimimina kama vilivyo. Vipimo vina kazi yake, na vimo humu vingi. Ila anayeamua ndimu iwe kiasi gani na sukari iwe kiasi gani ni tunda lililo mkononi siku hiyo.

Msingi wenyewe ni mfupi. Kwa glasi moja: pombe kali mililita 60, kitu kichachu mililita 20 hadi 30, kitu kitamu mililita 20 hadi 30, kisha barafu. Kijiko cha chakula cha kupimia ni mililita 15 na cha chai ni mililita 5. Vijiko vya mezani visiaminiwe, maana vinatofautiana sana. Sirinji mpya ya mililita 20 kutoka duka la dawa, isiyo na sindano, inapima vizuri kuliko hivyo na bei yake ni ndogo. Chombo maalumu cha kutikisia nacho si lazima. Chupa ya jamu yenye mfuniko unaokaza inatosha, mradi usiijaze zaidi ya theluthi mbili. Ikijaa, barafu haina nafasi ya kugongana na kinywaji hakipoi.

Pombe inayopatikana kila mahali ni Konyagi, na ina kilevi asilimia 35. Vipimo vingi vya jini (gin) vinavyosambaa mtandaoni vinahesabu pombe ya asilimia 40 au zaidi. Mililita 60 za asilimia 40 zina kilevi halisi mililita 24, wakati za Konyagi zina 21. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya mtu aseme kinywaji kimekuwa maji, kisha anaongeza Konyagi mpaka tunda linapotea kabisa. Dawa yake ni kupunguza maji, wala si kuongeza pombe: tumia barafu ngumu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, tikisa kwa sekunde kumi badala ya kumi na tano, na soda iwe kidogo. Gongo isiingie humu kwa namna yoyote. Imekatazwa kisheria, na hakuna namna ya kujua kwa macho au kwa pua ina nguvu kiasi gani wala ina nini ndani yake.

Shira ya sukari itengenezwe kwa uzito. Gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji ya moto zinatoa shira kama mililita 320. Asiye na mizani achukue kikombe cha mililita 250: kikijaa sukari bila kushindiliwa ni karibu gramu 200. Haina haja ya kuchemshwa kwa muda mrefu. Mimina maji ya moto, koroga mpaka punje ziishe, acha ipoe. Ukiiacha jikoni ichemke, maji yanapungua, shira inakuwa nzito na tamu zaidi, na kipimo cha mililita 20 cha leo hakitakuwa sawa na cha kesho. Sukari yetu yenye rangi ya kahawia hafifu inafaa kwa plamsi na chai. Kwa pichesi nyeupe inaufifisha mwonekano kidogo, ladha haina tatizo. Ukipenda asali, changanya sehemu mbili za asali na moja ya maji ya uvuguvugu kwanza. Asali tupu ikikutana na barafu inaganda chini ya chupa, mnywaji anaanza na ukali na kumalizia na utamu mtupu.

Barafu ndiyo watu wanayoidharau kuliko vyote. Barafu ya mfuko inayouzwa mtaani inapoza soda vizuri kwa nje, lakini ya kuingia ndani ya glasi itoke kwenye maji unayoyajua. Mbeya mjini ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 94. Njombe, iliyo juu zaidi, huchemka chini ya hapo. Joto hilo linaua vijidudu bila shida, ila acha maji yatokote dakika tatu kamili ndipo uepue. Kilevi kilichomo kwenye kokteli hakitoshi kusafisha barafu chafu. Gandisha vipande vikubwa, ukubwa wa kiberiti au zaidi. Barafu ya vipande vidogo inayeyuka haraka, na umeme ukikatika ikayeyuka nusu na kuganda tena, inakuja imejaa maji juu yake. Iwapo vipande vinang'aa kwa unyevu, vimwage kwenye chujio, vikung'ute, ndipo uvitumie.

Sasa plamsi. Kwa glasi moja chukua tatu zilizoiva, jumla ya nyama kama gramu 150 baada ya kutoa kokwa. Kata kuzunguka kokwa, pindua, ngoa. Kokwa zisiingie kwenye blenda wala kwenye kinu: ndani yake mna mbegu chungu yenye kemikali inayotoa sianidi ikisagwa, na ni hivyo hivyo kwa pichesi. Ngozi usiitoe. Rangi yote nzuri imo kwenye ngozi, na uchachu mwingi pia, wakati nyama ya ndani ni tamu. Ndiyo sababu ukilamba nyama peke yake utadanganyika. Tafuna kipande chenye ngozi, umeze, subiri kidogo. Mate yakijaa mdomoni na meno yakaona ganzi, plamsi hiyo ni chachu na ndimu ianze na mililita 5 tu. Ikiwa tamu bila kuacha chochote ulimini, ndimu ianze na 20.

Weka plamsi kwenye chupa na shira mililita 20 na chembe za chumvi, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Chumvi haitasikika, kazi yake ni kupunguza uchungu wa ngozi. Ponda kwa mpini wa mwiko mpaka nyama ilegee na ngozi ichanike. Usiisage kwenye blenda ikawa laini kabisa, kwa sababu ngozi ikisagika inaachia ukakasi unaokausha mdomo, na ukakasi hauondoki kwa sukari. Tia Konyagi mililita 60, ndimu kwa kipimo ulichoamua, onja. Hapo hapo, kabla ya barafu, kinywaji kinatakiwa kiwe kitamu kupita unavyokitaka. Baridi huuficha utamu, na barafu itaongeza maji mililita 25 hivi. Kikionekana sawasawa kikiwa cha uvuguvugu, kwenye glasi kitakuwa kichachu. Jaza barafu, funga, tikisa kwa nguvu mpaka chupa ifanye ukungu kwa nje na vidole vianze kuuma kwa baridi. Chuja mara mbili, kwanza kwa chujio la kawaida, kisha la chai lenye matundu madogo. Ongeza soda isiyo na sukari mililita 60, basi.

Kama ni kichachu mno baada ya yote hayo, ongeza shira kijiko kimoja cha chai, koroga, onja tena. Kama ni kitamu mno, ongeza ndimu nusu kijiko cha chai. Kikiwa hakina ladha yoyote, si kichachu wala kitamu, tatizo ni maji: umetikisa mno au barafu ilikuwa imelowa. Hicho hakiokoleki kwa sukari; ongeza plamsi iliyopondwa.

Pichesi za huku nyingi ni ndogo, nyama nyeupe yenye kijani, na zimeng'ang'ania kokwa. Mtu anayezilinganisha na zile kubwa za njano za kwenye makopo anaona kama zimekosa kitu, kumbe zina harufu kuliko hizo. Kinachozishinda ni hewa: ukishakata, dakika chache tu zimekuwa kahawia, na kinywaji kinaonekana kama maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo ndimu itangulie. Chemsha maji, tumbukiza pichesi sekunde 40, zihamishie kwenye maji ya barafu, ngozi itavuka yenyewe. Kata nyama moja kwa moja juu ya bakuli lenye maji ya ndimu mililita 15 kwa kila pichesi nne, kisha saga. Uji huo wa pichesi unakaa na rangi yake kwenye friji mpaka kesho yake.

Mwenzi wake mzuri ni chai, na hapa hatuna haja ya kuagiza mbali: Mufindi na Rungwe zote zinalima. Tia vijiko viwili vya chai vya majani, kama gramu 5, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka, dakika nne au tano, kisha chuja. Kwa kuwa maji yetu yanachemka kwa joto la chini kuliko ya pwani, chai inachelewa kidogo kutoka, na wengi wanaongeza majani. Ongeza dakika moja tu, majani yabaki yale yale. Chai iliyokolea mno ikiingia friji inakuwa na ukungu kama imemwagiwa maziwa. Haijaharibika, ila haivutii. Iache ipoe mezani kwanza, na ukungu ukitokea, mmiminio mdogo wa maji ya moto unauondoa. Kwa glasi kubwa: chai baridi mililita 120, uji wa pichesi mililita 45, shira 20, ndimu 10, barafu. Hiki hakihitaji pombe kabisa, na ndicho cha kuwapa wageni wasiokunywa, wenye safari ya kuendesha na vijana wa chini ya miaka 18 bila kuwaonyesha kuwa wamepewa kilichobaki. Anayetaka kilevi aweke Konyagi mililita 45 na apunguze chai iwe 80.

Pasheni inapatikana miezi mingi, na ile ya zambarau inayopenda miinuko ni tamu kuliko ya njano ya ukanda wa joto. Chagua zenye makunyanzi na uzito. Yenye ngozi laini inayong'aa mara nyingi bado ni chachu, na nyepesi imekauka ndani. Juisi yake ina karibu nusu ya uchachu wa ndimu, kwa hiyo ukitaka ibebe kazi ya ndimu yote weka mililita 45 hadi 50. Pasheni tano au sita hutoa kiasi hicho zikiwa nzuri. Mbegu zikisagwa kwenye blenda zinatoa vumbi jeusi na uchungu. Kamulia juu ya chujio, sugua kwa mgongo wa kijiko, na kama ute umekataa kushuka, mimina shira ile ile ya kinywaji juu yake, utateremka. Shira ya mchaichai inaipenda sana pasheni: mabua manne yaliyopondwa kwa mchi, ndani ya shira ya moto, nusu saa, kisha toa. Yakilala humo usiku kucha ladha inageuka kuwa ya majani makavu.

Nanasi likitikiswa linatoa povu zuri bila yai. Juisi mbichi mililita 60, Konyagi 60, ndimu 15, shira 10, tikisa mpaka mkono uchoke. Usiweke maziwa wala krimu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na baada ya dakika chache kinywaji kinakuwa kichungu na chenye mabonge. Tangawizi mbichi inaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa maembe ya Kyela, chuja nyuzi. Mengineyo yote fanya kama kwa plamsi tamu, yaani ndimu nyingi, shira karibu hakuna. Parachichi tuliache kwenye juisi nzito, mafuta yake yanafunika kila kitu kingine ndani ya kokteli.

Kuna kinywaji kimoja kisichopatikana kwingine kwa urahisi, nacho ni ulanzi. Mvua zinazoiva nazo plamsi na pichesi ndizo zinazotoa ulanzi, machipukizi ya mianzi yakikatwa ncha na utomvu ukidondoka kwenye mbeta, chombo cha mwanzi. Kwa kokteli tafuta mtogwa, ule wa siku hiyo hiyo, mtamu na wenye mapovu madogo. Mkangafu, yaani ulanzi uliokwisha kuchacha, una ukali wake na wenyewe wanaujua, ila ukichanganywa na tunda chachu unabaki kuwa siki. Chuja mtogwa kwa kitambaa safi, upoze, kisha mililita 150 za ulanzi, uji wa pichesi 40, ndimu 5 au 10. Mimina ulanzi mwisho, polepole, ukiinamisha glasi, na koroga mara mbili tu. Usiutikise kwenye chupa iliyofungwa. Unaendelea kuchacha muda wote na unatoa gesi. Chupa ya glasi iliyokazwa mfuniko inaweza kupasuka hata ikiwa imekaa tu mezani. Ukiusafirisha kutoka vijijini mpaka Iringa mjini, mfuniko ulegezwe. Sukari usiongeze kabla ya kuonja, maana mtogwa wa asubuhi na wa jioni haufanani.

Soda nayo ina tabia yake huku juu. Hewa ya Mbeya ina mgandamizo mdogo kuliko wa pwani kwa karibu asilimia 18, hivyo chupa ya soda ikifunguliwa gesi inakimbia kwa pupa zaidi. Soda ya uvuguvugu ikimiminwa juu ya tunda lililopondwa inafurika glasi, na povu likitulia kilichobaki hakina mwasho. Ipoze mpaka iwe baridi kabisa, ifungue taratibu, imimine pembeni ya glasi, isipite kwenye chupa ya kutikisia hata kidogo. Stoney Tangawizi inaendana na plamsi vizuri mno, ila ina sukari ya kutosha, kwa hiyo shira iondolewe yote.

Kwa wageni kumi usipange kutikisa chupa moja moja. Pika shira ya plamsi siku moja kabla: plamsi nusu kilo bila kokwa, sukari gramu 250, maji mililita 250, moto mdogo dakika kumi, chuja bila kukamua sana. Harufu ya tunda bichi inapungua kidogo, rangi inakuwa ya ajabu, na inakaa friji wiki nzima. Kwenye jagi weka Konyagi mililita 600, shira hiyo 300, ndimu 200 na maji baridi yaliyochemshwa 250. Maji hayo watu huyaruka wakidhani wanaokoa ladha. Ni yale ambayo barafu ingeyatoa wakati wa kutikisa, na bila hayo kinywaji kinakuwa kikali cha kuchoma koo. Ndimu nane hadi kumi na mbili zitatosha, zikiviringishwa kwanza mezani kwa kiganja. Kamua siku hiyo hiyo na usikamue mpaka ngozi igeuke, mafuta ya ngozi ni machungu. Weka jagi friji kwa muda wa saa tatu. Glasi moja ni mililita 135 juu ya barafu, soda 60 juu yake. Waambie wageni kuna kiasi gani cha Konyagi ndani: utamu wa tunda unaficha kilevi, na mtu anaweza kumaliza glasi tatu akidhani anakunywa juisi.

Joto lenyewe, la Septemba mpaka Novemba kabla ya mvua, linakuja plamsi na pichesi zikiwa bado changa mitini. Kwa hiyo gandisha za Februari zikiwa bei ya chini. Saga na mililita 30 za ndimu kwa kila kilo, mimina kwenye trei za barafu, vikiganda hamishia kwenye mfuko, toa hewa, andika mwezi. Vinakaa vizuri mpaka miezi minane iwapo friza haizimwi mara kwa mara; vikiyeyuka vikaganda upya, vitumie vya kupikia shira. Vipande vitatu au vinne vya mililita 15 vinatosha glasi moja, na vinaingia kwenye chupa vikiwa vimeganda, kwa hiyo punguza barafu kwa nusu. Onja kabla ya kuongeza ndimu, kwa sababu ndani yake tayari ipo.